Lori Lililozimika Kitonga: Uchambuzi wa Hitilafu ya Umeme Katika Injini ya Dizeli

Gari linalozungumziwa hapa ni kichwa cha tela chenye injini ya dizeli ya silinda 6 inayoendeshwa kwa kompyuta, kilichoingizwa nchini kikiwa kimeshatumika Ulaya, ambacho kazi yake ni kuvuta mizigo kutoka bandari ya Dar es Salaam hadi Tunduma na kuvuka mpaka. Lalamiko la dereva lilikuwa fupi. Kila anapopanda Mlima Kitonga, kwenye barabara kuu ya kwenda Iringa, akiwa na mzigo, katika gia za chini, nguvu hukatika ghafla, taa za tahadhari huwaka kwa pamoja kwenye dashibodi, na baada ya sekunde chache injini huzimika. Akizima swichi, akasubiri kidogo, kisha akapiga stata, injini huwaka kana kwamba hakuna kilichotokea, mpaka kona nyingine kali itakapomkamata.

Anayeifahamu Kitonga hahitaji kuelezwa kwa nini hitilafu hiyo si ya kuahirishwa. Barabara imebanwa kati ya ukuta wa mlima na bonde, na lori moja likisimama kwenye kona foleni hujengeka pande zote mbili. Zaidi ya hapo, injini inapozimika pampu ya usukani husimama nayo, usukani ukawa mzito mikononi mwa dereva, na kompresa haiongezi tena upepo wa breki. Uzito wa juu unaoruhusiwa na sheria ya Jumuiya ya Afrika Mashariki ni tani 56, na gari hili husafiri likiwa karibu na kiwango hicho. Kulishikilia gari la namna hiyo kwenye mteremko kwa upepo uliobaki kwenye matangi si jambo la kurudiarudia.

Lilipofika kwenye gereji yetu Ipogolo, Iringa, lilikuwa limeshapita kwa mafundi wengine. Filta za dizeli zilikuwa mpya, sensa ya kranki (inayosoma mzunguko wa injini) ilikuwa mpya, na sensa ya presha kwenye reli ya mafuta, yaani bomba la pamoja linalozigawia nozo dizeli yenye presha, ilikuwa mpya pia. Hiyo ya mwisho ndiyo iliyompa mwenye gari matumaini, kwa kuwa baada ya kuifunga gari lilirudi Dar es Salaam bila kuzimika hata mara moja. Lakini lilirudi likiwa tupu, na Kitonga ulikuwa mteremko badala ya mpando. Ninalisisitiza hili kwa sababu mategemeo mengi ya uongo katika ufundi wa malori huzaliwa hivyo: kifaa hubadilishwa, mazingira ya kazi nayo hubadilika bila mtu kuyazingatia, na sifa ya mazingira hupewa kifaa.

Kabla ya kushika spana tulikaa na dereva, kwa kuwa yeye ndiye shahidi pekee aliyekuwepo. Tulitaka kujua mambo ambayo mashine haisemi. Je, hitilafu hutokea kwenye tambarare ya Mikumi akiwa katika mwendo wa kasi? Hapana. Je, hutokea injini ikiwa baridi au ikiwa imepata moto? Hali zote mbili. Je, hutokea kwenye mashimo na matuta? Si kawaida. Hutokea wakati gani hasa? “Fundi, ni pale ninapoingiza gia ya chini na gari linaanza kuvuta kwelikweli.” Majibu hayo yaliondoa joto kama sababu kuu, yakapunguza uzito wa dhana ya mtikisiko wa barabara, na yakatuachia jambo moja la kulifuatilia, yaani nguvu kubwa katika gia ya chini.

Baada ya hapo tulisoma misimbo ya hitilafu iliyohifadhiwa kwenye kompyuta ya injini, ile ambayo gerejini huitwa kontroli boksi, na tukaiandika yote kwenye karatasi kabla ya kufuta chochote. Fundi aliyetangulia alikuwa ameifuta bila kuandika, lakini gari lilikuwa limezimika tena mlimani, hivyo ushahidi ulikuwa umejiandika upya. Malori mengi ya kisasa hutumia utaratibu wa J1939, ambamo kila hitilafu huwa na namba mbili. Ya kwanza hutaja sehemu inayohusika na ya pili hueleza namna ilivyoharibika. Tulikuta 157 ya presha ya reli ya mafuta, 100 ya presha ya oili, 102 ya presha ya hewa inayotoka kwenye tabo (kifaa kinachosukuma hewa ndani ya injini), na 3509 ya umeme unaopelekwa kwenye sensa, zote nne zikiwa na namba ya pili 4. Ilikuwepo pia 168, ya volti za betri, ikiwa na namba 18.

Hapa ndipo kazi kubwa ya kisa hiki ilipofanyika, na ilifanyika mezani, bila kifaa chochote kufunguliwa. Namba ya pili ikiwa 4 maana yake ni kwamba volti ya saketi imeshuka chini ya kiwango kinachowezekana, au waya umepiga shoti kwenda upande wa volti za chini. Haisemi kwamba presha yenyewe ni ndogo. Laiti pampu ya dizeli ingekuwa imechoka au filta imeziba, kompyuta ingepokea kipimo halali kutoka kwenye sensa nzima, ikaona ni kidogo kuliko inavyotakiwa, na ikaandika 1 au 18. Tofauti hiyo peke yake ilitosha kuyaondoa mambo ya pampu, nozo na filta kwenye orodha ya watuhumiwa. Inasikitisha kwamba fedha nyingi zilikuwa zimekwishatumika upande huo.

Jambo la pili lilikuwa idadi. Kompyuta huhesabu mara ngapi kila hitilafu imetokea, na misimbo ile minne ilikuwa na hesabu sawasawa, huku ile ya betri ikiwa na hesabu yake tofauti. Sensa tatu zilizofungwa sehemu tatu tofauti za injini, zenye umri tofauti, mojawapo ikiwa imetoka dukani juzi, haziwezi kupatana kuharibika kwa dakika ileile kila mara. Lazima kuna kitu zinachotumia kwa pamoja. Mchoro wa waya wa gari ulionyesha kitu hicho: kompyuta hutoa umeme wa volti 5 kwa waya mmoja ambao hugawanyika na kulisha sensa hizo tatu. Kila moja ina nyaya tatu, wa kulishwa, wa ethi (upande wa hasi) na wa kurudisha taarifa, na taarifa inayorudi katika hali ya kawaida huwa kati ya volti 0.5 na 4.5. Waya wa kulisha ukigusa chuma cha gari mahali popote, volti 5 huporomoka kwa sensa zote tatu, na kompyuta huona sifuri kutoka kila upande. Isipojua presha ya reli ni kiasi gani, haina njia salama ya kuendelea kuchoma mafuta, hivyo hupunguza nguvu na hatimaye huzima injini.

Sensa zisizolalamika zilikuwa ushahidi mzuri kama zile zilizolalamika. Sensa ya joto la maji ina nyaya mbili tu na haitegemei tawi lile la volti 5. Sensa ya kranki ya injini hii ni ya koili na sumaku, huzalisha umeme wake yenyewe. Hakuna hata moja kati ya hizo iliyoandika msimbo. Ethi ya injini ingekuwa mbovu, au kompyuta ingekuwa inakatikiwa na umeme wake mkuu, malalamiko yangesambaa bila kuchagua. Haya yalichagua.

Hata hivyo msimbo wa betri haukuachwa bila kupimwa, na ulikuwa na ubovu wake halisi. Mfumo ni wa volti 24 unaopatikana kwa kuunganisha betri mbili za volti 12 kwa mfululizo. Baada ya gari kupumzika, betri moja ilisoma volti 12.7 na ya pili 12.1. Sababu ilionekana mara tu boksi la betri lilipofunguliwa. Waya wa redio na chaja za simu ulikuwa umechukuliwa kwenye betri moja, ili kupata volti 12 bila kununua kifaa cha kupunguza volti. Betri hiyo hunyonywa usiku kucha, kisha asubuhi altaneta (jenereta ya gari), isiyojua kwamba betri mbili haziko sawa, huzichaji kama kitu kimoja, ikaizidishia iliyojaa na kuipunja iliyochoka. Ni desturi iliyoenea sana kwenye malori yetu na inaua betri nyingi. Tuliutoa waya huo, tukafunga kipunguza volti kinachochukua umeme kwenye betri zote mbili, na tukazichaji kila moja peke yake mpaka zilipolingana.

Tulipima pia njia kuu za umeme kwa namna inayofaa, yaani zikiwa kazini. Waya wa ethi unaweza kuonyesha ukinzani wa karibu sifuri kwenye multimita (kifaa cha kupimia umeme) na bado ukashindwa kupitisha umeme wa stata, kwa sababu multimita hupitisha mkondo mdogo mno kuuchosha. Kwa hiyo tuliweka ncha moja kwenye nguzo ya hasi ya betri na nyingine kwenye chuma cha injini, stata ikapigwa, na upotevu ukawa volti 0.3, kiasi ambacho hakina tatizo. Injini ikinguruma, altaneta ilitoa volti 28. Nyaya za mawasiliano kati ya kompyuta za gari, zikipimwa swichi ikiwa imezimwa, zilisoma omu 60 kama inavyopaswa kwa mfumo wenye vizuizi viwili vya omu 120. Njia kuu zilikuwa salama, na betri zilizotofautiana zisingeweza kueleza kwa nini injini izimike mlimani wakati altaneta inafanya kazi yake vizuri. Kurekebisha betri kulikuwa lazima, lakini kulitangaza kuwa ndiyo tiba kungelirudisha gari Kitonga na ugonjwa uleule.

Ikabaki kuipata shoti, na shoti hiyo ilikuwa ya kuja na kuondoka. Injini ikiwa imesimama, waya wa volti 5 ulisoma 5.0. Ikinguruma taratibu, 5.0. Ikipandishwa mizunguko hadi juu bila gia, bado 5.0. Tulitikisa nyaya kwa mkono kila tulipofikia na namba haikusogea. Mafundi wengi hufikia hapa wakakata tamaa na kuagiza kompyuta mpya. Kwa maoni yangu kompyuta ndicho kifaa cha mwisho kutuhumiwa na cha kwanza kulipishwa mwenye gari.

Kupandisha mizunguko bila gia hakuigizi mpando hata kidogo, na ni vyema kueleza kwa nini. Injini na giaboksi vimefungwa pamoja kuwa mwili mmoja, na mwili huo umekaa juu ya mauntingi za mpira. Propela shafti, inayopeleka nguvu kutoka giaboksi hadi magurudumu ya nyuma, inapozungushwa kwa nguvu upande mmoja, mwili ule husukumwa kujipindua upande wa pili, na nguvu ya kuupindua hailingani na ile ya injini peke yake bali na ile inayotoka nyuma ya giaboksi, baada ya kuzidishwa kwa uwiano wa gia. Injini inayotoa nyutoni-mita 2,000, ikiwa katika gia yenye uwiano wa 10 kwa 1, huzilazimisha mauntingi kuhimili nyutoni-mita 20,000. Katika gia ya moja kwa moja, ile ya kukimbilia tambarare, huhimili 2,000 tu. Bila gia karibu hakuna kitu. Ndiyo maana dereva hakuliona tatizo Mikumi, na ndiyo maana uwanja wa gereji hauonyeshi lolote mpaka ulazimishwe.

Tuliulazimisha. Magurudumu yaliwekewa magogo, hendibreki ikavutwa, breki ya miguu ikakanyagwa, na watu wote wakaondolewa mbele, nyuma na chini ya gari. Multimita iliunganishwa kwenye waya wa volti 5 ikiwa imewekwa kurekodi kiwango cha chini kabisa, na dereva akaingiza gia ya chini na kuachia klachi taratibu mpaka injini ilipoanza kulemewa, kisha akaikanyaga tena mara moja ili klachi isiungue. Volti iliporomoka hadi chini ya 1, na taa zilezile za tahadhari zikawaka. Kwa mara ya kwanza hitilafu ilikuwa imeonekana ikiwa mbele yetu, gari likiwa limesimama.

Kisha tulirudia jaribio lilelile kwa gia ya kurudi nyuma. Volti ilibaki 5.0. Jibu hilo lilinifurahisha kuliko lile la kwanza, maana katika gia ya nyuma propela shafti huzunguka kinyume, na mwili wa injini hupinduka upande mwingine. Ukiwa umekaa kwenye kiti cha dereva ukitazama mbele, gia za mbele huishusha injini upande wa kulia na kuiinua kushoto, na gia ya nyuma hufanya kinyume chake. Kumbe shoti ilihitaji injini ilale kulia. Eneo la kutafuta lilikuwa limepungua kutoka injini nzima hadi upande mmoja wake, na hasa pale ambapo kitu kinachotembea na injini kinaweza kukutana na kitu kilichofungwa kwenye chasisi.

Swichi ilizimwa, betri zikatenganishwa, na plagi ya kompyuta ikachomolewa. Multimita iliwekwa kwenye hali ya kulia inapopata njia, ncha moja kwenye tundu la waya wa volti 5 upande wa nyaya, nyingine kwenye chasisi. Kimya. Jeki iliwekwa chini ya kishikizo cha injini upande wa kushoto, si chini ya sinki la oili ambalo lingeweza kupasuka, ikapandishwa kidogo kidogo. Injini iliponyanyuka kwa milimita chache na kuegemea kulia, multimita ililia. Iliposhushwa, ikanyamaza. Taa ya mkononi ilipoelekezwa upande wa kulia, kati ya kishikizo cha injini na kile cha chasisi, fungu la nyaya lilionekana limebanwa kwenye ukingo wa chuma.

Kutoka juu, bomba la plastiki lenye mikunjo linalofunika nyaya hizo lilionekana zima kabisa, na hiyo ndiyo sababu macho ya waliotangulia yaliliruka. Lilikuwa limekatika upande wa chini. Ndani yake waya mmoja ulikuwa umechubuka mpaka shaba ikaonekana, ikiwa imeanza kushika kutu ya kijani, na jirani yake ulikuwa umelika ganda bila kufikia shaba. Ukingo wa chuma ulikuwa umesuguliwa ukang'aa kwa urefu wa kidole. Kipande cha juu ya hapo kilikosa klipu yake. Stata ya injini hii iko upande huohuo, na ili kuitoa ni lazima klipu ya nyaya ifunguliwe. Kwa jinsi ilivyoonekana, stata hiyo ilikuwa imeshawahi kubadilishwa, na aliyeifunga aliziacha nyaya zikining'inia kwa kamba moja ya plastiki ambayo joto liliikausha ikakatika.

Lakini klipu peke yake haikutosha kuleta haya. Mauntingi ya kulia ilikuwa imelainika na kuvimba kwa kuloweshwa na oili, na injini ilikuwa imekaa chini kuliko upande wa kushoto hata ikiwa imezimwa. Mpira wa mauntingi hauvumilii oili. Hupoteza ugumu, na injini ikapata nafasi ya kucheza ambayo mtengenezaji hakuikusudia. Nyaya zilizolegea zingeweza kuning'inia miaka bila madhara kama injini isingeshuka, na injini ingeweza kushuka bila kuzimika kama nyaya zingekuwa mahali pake.

Matengenezo ya waya hayakuwa ya kusokota na kuviringisha tepu. Sehemu iliyochubuka ilikatwa mpaka kufikia shaba safi, kwa kuwa kutu ya kijani hutambaa chini ya ganda, na kipande kipya cha unene uleule kikaunganishwa kwa viungio vya kubana kwa koleo maalumu, vikafunikwa na mpira unaojibana kwa joto wenye gundi ndani ili maji yasipenye. Waya jirani ulitengenezwa vivyo hivyo, na viungio vya nyaya hizo mbili vikapishanishwa ili visikae bega kwa bega. Lehemu hatukuitumia, kwani huufanya waya kuwa mkavu pale inapoishia, na mtikisiko wa injini ya dizeli huuvunja hapohapo. Bomba jipya lilivishwa, klipu ya chuma yenye mpira ikarudishwa, na nafasi kati ya nyaya na chasisi ikahakikishwa kwa kuilaza injini kwa jeki. Mauntingi zote mbili za mbele zilibadilishwa kwa pamoja, kwa kuwa mpya ikiwekwa na kuukuu injini hubaki imeinama.

Jaribio la klachi lilirudiwa katika gia zote mbili. Kiwango cha chini kilichorekodiwa kilikuwa volti 4.98. Misimbo ilifutwa sasa, baada ya kazi, na gari likapelekwa Ruaha Mbuyuni na mzigo wake ili lipande Kitonga upya, mashine ya kusomea ikiwa imeunganishwa na kuonyesha presha tatu zote kwa pamoja. Presha ya reli na ya tabo zilipanda na kushuka kufuata mguu wa dereva kwenye kona zote, ile ya oili ikatulia, na hakuna msimbo ulioandikwa mpaka Ilula.

Tulipolirudisha gari shimoni kukagua viungio, mauntingi mpya ya kulia ilikuwa tayari na tone la oili juu yake. Lilitoka kwenye gasketi ya kava la valvu, lililokuwa likivujia polepole upande huo na kufuata ukuta wa injini hadi chini. Gari lilibaki gerejini mpaka gasketi hiyo ilipopatikana na kufungwa.